Kasri Tuliloligawana

Wasomi wanasema kasri la mfalme lilipotea. Upuuzi mtupu. Nyumba yenye vyumba sitini haipotei kama sindano. Tuliligawana. Nasema "tuliligawana" ingawa mimi sikuwa nimezaliwa, maana mtaani kwetu wizi wa babu mmoja ni wa watu wote.

Mambo yalikuwa hivi. Mfalme wa mwisho alipoondoka na wakeze na masanduku yake, hakuacha mrithi wala mlinzi. Watu wakasubiri siku tatu, kwa adabu. Siku ya nne bwana mmoja akapanda kilimani kuchukua mlango mmoja tu, kwa kuwa wa kwake ulikuwa umeoza. Ikawa ndiyo ruhusa. Kufikia mwisho wa mwezi, pale juu palibaki uwanja mtupu wa kulishia mbuzi, na huku chini kulikuwa na mtaa mpya wa nyumba arobaini na moja, zenye kuta nene kupita kiasi. Na msidhani walifanya kwa kujificha. Ilikuwa mchana kweupe, watu wakipishana njiani na kusalimiana: "Habari za kazi?" "Nzuri, hebu nishikie upande huo."

Baadaye serikali mpya ikatuma wapelelezi. Mawe ya kasri yalijulikana, kwani kila jiwe la maana lilichongwa ndege mwenye shingo ndefu, mdomo ukielekea kulia. Jiwe lisilo na ndege ni jiwe tu. Lenye ndege ni kesi. Ndipo mtaa ukakimbilia kwa babu yangu, mzaa mama, fundi wa lipu. Babu alipiga lipu nyumba zote, moja baada ya nyingine, mpaka ndege wote wakalala chini ya mchanga na chokaa. Akimaliza ukuta, alikuwa akibonyeza kidole gumba kwenye pembe ya mwisho, lipu ikiwa bado mbichi. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Wapelelezi walipofika, walikuta mtaa mweupe na watu wapole.

"Kasri la mfalme lilikuwa wapi?" waliuliza.

"Kasri? Kasri gani?" mtaa ukajibu.

Jibu hilo tumefundishwa kabla hata ya kujua kuhesabu.

Babu alimfundisha kazi mjomba, mjomba akanifundisha mimi. Mtaani wananiita Mwiko, kwa sababu ya mwiko wangu wa lipu ambao hautoki mkononi, na wengine husema ni kwa sababu ya ulimi wangu, kwamba nao unasawazisha watu. Sawa. Lipu ikipasuka popote, naitwa mimi, naziba ufa kabla ndege hajatoa mdomo. Kila ndege namjua alipo. Na wa kwetu ndiye niliyekuwa nikijivunia kuliko wote: yuko juu ya mlango wa jikoni, na ndiye pekee anayetazama kushoto. Nilimwona mara moja tu, nikiwa na miaka kumi, mvua ilipobandua kipande cha lipu. Mjomba alinieleza kwamba lile ni jiwe la mlango wa malkia. Ndege wa mfalme wanatazama kulia, wa malkia anatazama kushoto, ili watazamane. Kisha akaziba. Miaka arobaini nimewatambia watoto wa wenzangu kwa ndege wa malkia.

Sasa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni Mzee Msafi. Alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka mpaka alipostaafu, na hajawahi kuongeza wala kupunguza hata punje. Aliwahi kutembea nusu siku kumrudishia mtu mwavuli, na mwavuli wenyewe ulikuwa mbovu. Hayo yote mazuri. Tatizo ni mdomo. Hakuna kikao alichokosa kusimama, akavua kofia na kusema, "Ukoo wetu sisi hatuibi wala hatusemi uongo. Nyumba yangu haina hata kokoto la mfalme." Na akifika kwenye "kokoto" ananitazama mimi! Jamani, binadamu ana kiasi chake cha kuvumilia.

Mwaka huu ndipo halmashauri ikaja na rangi nyekundu. Waliweka alama ya kuvunja kwenye nyumba zote arobaini na moja, kwa sababu malori yalihitaji barabara pana. Mama yangu ana miaka themanini na mmoja. Aliletwa kwenye nyumba ile akiwa mtoto wa miaka saba, na amesema siku zote atatoka humo amebebwa. Nilipoona ile rangi inachuruzika chini ya dirisha lake, niliigusa kuona kama bado ni mbichi. Sina aibu kusema niliogopa.

Wiki hiyohiyo akaja binti mmoja mtafiti kutoka makumbusho. Alikuwa na miwani, viatu vya vumbi, na picha kuukuu ya kasri. Tulimkusanyikia nje ya duka la kinyozi.

"Shikamooni wazee. Natafuta mahali kasri hili lilipokuwa," alisema.

"Kasri? Kasri gani?" tulijibu wote kwa pamoja, kama kwaya.

Akashusha pumzi, akaanza kukunja picha yake. "Basi poleni. Maana sheria inasema nyumba yenye jiwe la kasri haivunjwi. Barabara ingebidi ipite kwingine."

 Kinyozi akakohoa.

"Samahani, dada," akasema. "Jiwe moja linatosha?"

Yaani hapo ndipo ungetucheka. Watu ambao dakika iliyopita hawakujua kasri ni nini, sasa kila mmoja alimtaja babu yake kuwa ndiye mwizi. Kinyozi akasema kiti chake cha kunyolea kimesimama juu ya kidato cha kiti cha enzi. Muuza mkaa akamwambia aache uongo, kidato kiko kwake, anafulia nguo juu yake. Wakaanza kugombana ni babu wa nani aliyeiba vizuri zaidi. Binti wa watu aliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Akasema atarudi Ijumaa, apite nyumba kwa nyumba na kinyundo chake, agonge kila jiwe alisikilize. Penye jiwe ataandika, pasipo na jiwe rangi nyekundu itabaki.

Kwa hiyo kazi yote ikawa yangu. Siku tatu nilishinda na tindo na nyundo, nikibandua kwa mkono wangu kile babu alichokibandika kwa wake. Watu walipiga vigelegele kila ndege alipotokeza. Mimi, kila nilipofika kwenye pembe yenye kidole gumba cha babu, roho iliniuma. Nilijaribu kuikwepa ile pembe, nikiweza.

Jumatano asubuhi Mzee Msafi akaja. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akasalimia mara mbili.

"Fundi," akasema, "nina shida kidogo. Kama ujuavyo, kwangu hakuna jiwe."

"Najua, Mzee. Mtaa mzima unajua. Umetuambia miaka arobaini."

"Ndiyo. Sasa nilikuwa nafikiri... wewe una mkono mzuri. Ndege mmoja tu. Wa saruji. Mdogo."

Ningeweza kumwambia "tutaona". Ningeweza hata kumkaribisha maji. Lakini nilikuwa nimeingoja siku ile tangu nikiwa msichana.

"Mzee Msafi!" nikasema, tena kwa sauti, muuza mkaa asikie. "Mimi nikutie doa? Ukoo usioiba wala kusema uongo, mimi nije niubandike uongo ukutani kwa saruji? Hapana, baba. Uaminifu ulikulinda miaka yote hiyo, ukulinde na Ijumaa."

Alinitazama kidogo, akavaa kofia, akaondoka. Muuza mkaa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Mchana wake nikasikia nyundo ukutani kwa jirani. Hajui kazi, alikuwa akipiga kama anayeua nyoka. Baadaye nyundo ikanyamaza, kisha nikasikia "Mama yangu we!" Nikaruka ua. Nilimkuta amekaa kwenye sakafu ya chumba cha kulala, mweupe kwa vumbi kuanzia kofia hadi kandambili. Mbele yake, chini ya lipu ya babu, ndege wawili walikuwa wakitazama kulia, wazuri, wenye manyoya yaliyochongwa unyoya kwa unyoya.

"Wawili, Fundi," alisema. "Hata mmoja hakumtosha babu."

Sikujua nimpe pole au hongera. Nikampangusa vumbi begani, nikarudi kwangu. Kutwa nzima ya kesho yake sikumsikia hata akikohoa.

Nyumba yetu niliiacha ya mwisho, kama mtu anayeweka kipande cha nyama pembeni mwa sahani. Alhamisi alasiri nikapanda ngazi juu ya mlango wa jikoni, mama amekaa chini yangu kwenye kiti chake akichambua mchele. Nikabandua polepole. Shingo ikatoka, mdomo ukatoka, ukitazama kushoto kama nilivyomkumbuka. Nikampangusa kwa kitambaa chenye maji. Kwenye mgongo wa ndege, baina ya mabawa, kulikuwa na alama ya kidole gumba.

Sasa jiulize mwenyewe. Jiwe linabonyezwa na kidole?

Nikakwangua kwa ukucha. Nikaona vitundu vidogo vya hewa, vile vinavyobaki saruji isiposhindiliwa. Na kuhusu kule kutazama kushoto, hapo ndipo niliposhika ngazi kwa mikono miwili, maana kosa lile nalijua. Nililifanya nikiwa mwanafunzi wa mjomba. Unamwangalia ndege anayetazama kulia, unamchonga vilevile kwenye kalibu, unamwaga saruji, na ukiitoa, ndege amegeuka. Mjomba alinizaba kofi kwa kosa lile. Malkia wangu wa miaka arobaini alikuwa ndege wa saruji aliyeharibika kwenye kalibu.

"Mama," nikaita.

"Nini?"

"Hili si jiwe."

"Ah," akasema, akatupa chuya. "Umeona."

"Ulijua?"

"Si nilikuwepo? Nilimmiminia maji akikoroga."

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unatamba vizuri sana, nikaona nisikukatize."

Nikashuka. Nilikuwa na hasira ya kuweza kutafuna mwiko. Mama akasogeza ungo pembeni, akanieleza. Babu alikuwa fundi wa lipu wa kasri lenyewe. Vyumba sitini vyote alivipaka yeye. Watu walipopanda kulivunja, yeye alijifungia ndani siku zote zile, akalia kama mtu aliyefiwa. Hakuchukua hata mlango. Baadaye alipoitwa kuwafichia wenzake mawe, hakukataa. Aliona heri yafichwe kwa mkono wake kuliko yapondwe kokoto. Lakini watoto wa mtaa wakaanza kumzomea mama na mjomba: baba yenu mwoga, nyote hamna hata ndege. Mama akarudi nyumbani analia. Basi babu akamfinyangia ndege, akawaonyesha watoto wote wa mtaa kwa nusu saa, akamfunika.

"Kwa hiyo babu hakuiba," nikasema.

"Hakuiba."

"Na kesho tunavunjiwa nyumba kwa sababu hakuiba."

 Mama alivuta ungo wake, akaendelea kuchambua, lakini punje nzuri zikawa zinaanguka pamoja na chuya.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nilikuwa nimemtukana mkunga mbele ya muuza mkaa. Nilifikiria kuruka ua na kumwangukia Mzee Msafi, ana mawe mawili, aniokoe. Nilifika mpaka uani. Nikakumbuka sauti yangu mwenyewe, "uaminifu ukulinde na Ijumaa," nikarudi ndani. Nikaamua nikae kimya tu. Huenda yule binti angedanganyika.

Hakudanganyika. Ijumaa alipita nyumba kwa nyumba na mtaa mzima nyuma yake. Kinyundo chake kikigonga jiwe la kweli, jiwe linalia, ngii! Watu wanapiga makofi, anaandika. Kwa Mzee Msafi kililia mara mbili, na watu wakampigia makofi zaidi kuliko wote, kwa ushenzi. Yeye alisimama ameinamisha kichwa kama anayezikwa. Kisha wakaja kwetu.

"Na hili ndilo la malkia!" kinyozi akatangaza.

Binti akapanda ngazi. Akagonga. Pu.

Akagonga tena. Pu. Akasogeza miwani, akaliangalia muda mrefu, akapitisha kidole mgongoni mwa ndege, pale penye gumba. Aliponigeukia, nikaona ameshajua na hapendi anachotaka kusema.

"Fundi," akasema taratibu, "hii ni saruji."

 Nyuma yangu nikasikia kiti cha mama kikilia, anajaribu kusimama. Nilitafuta neno. Mimi, Mwiko, nilikosa neno hata moja.

"Ndiyo, ni saruji," sauti ikasema.

Alikuwa Mzee Msafi. Alipita katikati ya watu mpaka mbele, akavua kofia.

"Ni saruji kwa sababu jiwe lenyewe liko kwangu. Wakati wa upelelezi, babu yake huyu alimkabidhi babu yangu alifiche, akaweka hilo kushikilia nafasi. Ndiyo maana kwangu yako mawili. Moja ni letu. Moja ni la nyumba hii."

Nilimtazama. Masikio yake yalikuwa yanatoka jasho. Sijawahi kuona masikio ya mtu yakitoka jasho.

"Una hakika, Mzee?" binti akauliza.

"Mwanangu, waulize hawa kama nimewahi kusema uongo."

"Hajawahi!" mtaa ukajibu kwa nguvu zote. Na ni kweli, hakuwahi, mpaka dakika ile.

Binti alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama mama aliyekuwa ameshika ukuta. Si mjinga yule. Kisha akafungua daftari, akaandika.

"Lirudishwe mahali pake," akasema. "Nitapita saa kumi, nilikute."

Saa nane Mzee Msafi alikuja na toroli, jiwe limefungwa ndani ya blanketi lake la kitandani. Nilikuwa nimetoboa nafasi tayari, kushoto kwa ndege wa babu. Tuliliinua pamoja, yeye akihema, mimi nikielekeza. Lilipokaa sawa, nikaona kitu ambacho sikukipanga: ndege wake alitazama kulia, wa babu alitazama kushoto. Walikuwa wanatazamana.

"Mzee," nikasema nikikoroga lipu, nikimpa mgongo, maana usoni nisingeweza, "nilikukosea Jumatano. Nilikudhalilisha mbele za watu. Nisamehe."

"Ulinikosea, ndiyo," akasema. "Nilikukasirikia mpaka leo asubuhi."

"Sasa kwa nini umetuokoa?"

Aligeuza kofia mikononi kwanza. "Jana alasiri nilikaa uani. Mama yako haongei chini chini, Fundi, na ukuta wa uani ni mfupi. Nilisikia yote. Ukoo usioiba ni wenu. Miaka arobaini nimesimama kwenye vikao nikijisifu kwa uaminifu wa babu yako."

 Nikaziba kingo za jiwe kwa lipu, taratibu, nikasawazisha mpaka pembe ya mwisho. Hapo nikasimamisha mwiko.

"Weka gumba," nikamwambia.

Akaweka, kwa uangalifu wote wa karani wa mizani. Mimi nikaweka la kwangu pembeni yake.

"Sasa nitasema nini?" akauliza, akijifuta lipu kwenye suruali. "Kikaoni, mtu akiniuliza kuhusu ukoo wetu. Kwamba hatuibi, hatusemi uongo. Nitasema nini, Mama?"

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Sema: ukoo? Ukoo gani?"

Alicheka, yule mzee, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. Nilimsindikiza mpaka langoni na toroli lake tupu. Kisha nikarudi, nikapanda ngazi peke yangu, nikaweka kidole changu ndani ya alama ya babu kwenye mgongo wa ndege. Kilienea sawasawa. Nililia pale juu, kwa sababu babu alikuwa mtu mwaminifu na maisha yake yote hakuweza kumwambia mtu hilo.